Vyumba Visivyo na Mrija

Jumatatu, 8 Septemba 1975

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Leo nimerarua kurasa zenye viuno na mabega ya watu, kwa sababu nina jambo la kusema na sina wa kumwambia. Jirani yangu Fatouma ningemwambia, lakini Fatouma akila neno asubuhi, jioni soko zima la Tshopo, mtaa wetu hapa Kisangani, limeshiba.

Jambo lenyewe ni hili: mume wangu ana furaha.

Hilaire anafundisha biolojia. Tangu tuoane, masomo yakifunguliwa hurudi nyumbani na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. Leo amerudi anapiga mluzi. Nikaacha cherehani, nikamuuliza kuna nini.

"Tumepata mwalimu mupya, wa kutoka campus," akasema. "Angélique. Odile, ile mutu iko na kichwa!"

Mimi kichwa changu ni cha kusukia nywele tu, inaonekana.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua. Angélique ana kichwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua tena. Angélique bado anacho.

Jumamosi, 20 Septemba

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya mtaa, tulifyeka majani na kuzibua mifereji ya barabara yetu mpaka mgongo ukagoma. Nilimwona huyo Angélique kwa mbali, na panga mkononi, sketi ameifunga juu ya magoti. Msichana wa mtoni, watu wake wako Isangi. Mwembamba. Hilaire alifyeka upande ule ule.

Nyumbani nikamsikia akijisemea neno refu la Kilatini, analionja kama asali: Knightoconus. Nikauliza ni ugonjwa gani. Akasema ni mnyama wa zamani, mwenye ganda.

"Sawa mbembe?"

Mbembe ni yule konokono wa msituni tunayemla hapa. Hilaire akacheka, si cheko la kucheka na mimi.

"Si mbembe. Iko compliqué, Odile."

Akachukua sahani yake akaenda kula barazani. Angélique haoni kuwa iko compliqué, kwamba ni ngumu, bila shaka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Alikuja kula. Hilaire alimwalika bila kuniuliza, akanitangazia saa sita mchana kama anatangaza mvua. Nilipika kama mtu anayepigana: pondu yenye mawese mengi, samaki wa liboke, kwanga mpya. Nilitaka ale, ashibe, ajue kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Alikula kweli. Alikula kwa mkono, akaomba aongezewe, akalamba vidole. Ningependa awe na madaha, nipate la kumchukia, hana. Nimemchukia hivyo hivyo.

Wakaanza kuongea Kifaransa. Mimi Kifaransa changu ni cha sokoni na cha misa, hakifiki huko walikokuwa. Nilishika maneno mawili, *cloison* na *siphon*, yakirudi na kurudi. Hilaire alikuwa anapinda mikono yake hewani, anajenga kitu, naye Angélique anakibomoa na kukijenga upya, na wote wawili macho yanawaka. Sijawahi kumwona Hilaire akitazama kitu hivyo, hata siku ya harusi yetu.

Alipoondoka akanishika mikono yote miwili. "Mama Odile, merci mingi. Mutanialika tena?"

Mama! Nimemzidi miaka michache tu. Alitaka hata kuosha sahani nikakataa. Mgeni akishaosha sahani zako amekwisha kuingia.

Jumatano, 8 Oktoba

Sasa nimeelewa furaha inatoka wapi. Tarehe 24 mwezi ujao utawala mpya unatimiza miaka kumi, na kila shule lazima ionyeshe kitu mbele ya wakubwa wa chama. Shule nyingine zitacheza animation, zile nyimbo za kusifu chama, na ngoma. Hilaire na Angélique wao wamekwenda kwa Préfet, mkuu wa shule, kuomba kuonyesha mnyama wao, eti ndiye babu wa pweza na ngisi. Pweza na ngisi wenyewe ni wanyama wa bahari. Hapa Kisangani sijui kama kuna mtu amewahi kuwaona.

Hilaire alinisimulia hii sehemu, kwa sababu ni kichekesho na si sayansi. Préfet aliposikia neno "babu" alisimama.

"Babu? Babu iko authenticité! Chama inasema turudilie mababu. Citoyen, mufanye ile babu ikuwe kubwa, batu baone toka mbali."

Hakuna aliyethubutu kumwambia Préfet kwamba babu huyo hakuzidi kidole, na mawe yake yametoka nchi ya barafu, chini kabisa ya dunia, ambako hakuna mtu hata mmoja wa Zaire. Wamepewa ruhusa, kikaratasi na muhuri.

Jumapili, 12 Oktoba

Hilaire amekwenda kijijini Bengamisa na collègues, walimu wenzake, kutafuta mianzi ya kujengea ganda. Mianzi! Imejaa hapa nyuma ya barrage ya umeme, unaweza kuikata ukiwa umeshika mwavuli. Nikamwambia. Akasema ya Bengamisa iko muzuri zaidi.

Amerudi jioni hana mwanzi hata mmoja. Ana kuku hai, zawadi ya mzazi wa mwanafunzi. Mianzi itafuata na camion.

Collègues. Najua hao collègues ni nani, na wamevaa sketi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemchinja yule kuku. Alikuwa mtamu, na hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hilaire ameuliza kama ninaweza kushona mwili wa mnyama. Ganda watatengeneza wao kwa mianzi na karatasi, lakini ndani yake lazima kuwe na mnyama mwenyewe, wa kitambaa, anayetoka kidogo mlangoni.

Nilikuwa na neno la kumjibu, kali. Nikalimeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikishona mwili huo nitakuwa shuleni kila siku baada ya masomo, kati yao, na sindano mkononi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo nimeandika sana kwa sababu leo nimefundishwa.

Nilifika shuleni kupima. Hilaire alikuwa ameitwa kwa Préfet, basi nikamkuta Angélique peke yake, amekaa chini katikati ya vipande vya mwanzi, gundi ya muhogo mpaka kwenye nywele. Ganda limekwisha kupata umbo: refu kumshinda mtu, limepinda kidogo kama pembe ya ng'ombe, na upande mmoja wameuacha wazi ili watu waone ndani. Kule kwenye ncha kuna kuta za karatasi ngumu, ndizo zile cloison zao, zinagawa vyumba vidogo vidogo. Chumba cha mwisho, cha mbele, ndicho kikubwa, na hakina ukuta wa mbele.

Nikauliza vile vyumba ni vya nini. Nilitegemea aseme iko compliqué. Akachukua kipande cha mwanzi, akakipasua kwa kisu, akanionyesha vifundo ndani.

"Angalia, mama. Nyama anakaa hapa mbele. Anakomea, anakuwa mukubwa, nyumba inakuwa kidogo. Donc anajenga mbele, anasogea. Na nyuma yake anafunga na ukuta. Anakomea tena, anasogea, anafunga tena."

"Na kile chumba cha nyuma?"

"Hakirudilie. Iko kufungwa kabisa."

Nikautazama ule ukuta wa karatasi. Nilikuwa namwona Hilaire anasogea mbele, anaziba nyuma yake.

Akaendelea, na lazima niseme ukweli, anaeleza vizuri. Alisema wajukuu wa mnyama huyu walifanya jambo ambalo babu hakulifanya. Walipojenga ukuta waliacha tundu, na ndani ya tundu wakapitisha mrija wa nyama, ndiyo ile siphon, kutoka chumba cha mbele mpaka kile cha kwanza kabisa. Kwa mrija huo walitoa maji katika vyumba vya zamani, vikajaa hewa, wakaondoka chini ya bahari wakaelea. Hao ndio wakawa pweza na ngisi na wengine wote.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu iko na kuta, hana mrija. Alibakia chini. Njo maana ya exposition yetu, mama. Batu ba science banasema ukuta ulitangulia, mrija ulikuja nyuma. Ukimupatia huyu mrija, histoire yote inakufa."

Kisha nikauliza lililonileta: nyama yake nishone ya namna gani, ya rangi gani, ina miguu, ina macho?

Akanyanyua mabega. "Hatujue. Nyama inaoza. Kunabakia ganda tu, na sisi tunadhani."

Miaka milioni mia tano, na mimi ndiye ninayeamua alikuwa na macho au la. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mjinga, mpaka nilipofika kwenye baraza na kukumbuka nimefurahishwa na nani.

Jumapili, 26 Oktoba

Bengamisa tena. Mianzi ilifika zamani, ganda limekwisha kujengwa, sasa eti ni raffia ya kufungia. Amerudi na ndizi na mkeka mpya. Mkeka ni mzuri. Nimeuviringisha nikaupeleka kwa Fatouma, sitaki kuukalia.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua kubwa, paa linavuja juu ya cherehani. Hilaire hana nafasi ya kupanda kuziba.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimeshona mwili kwa kaniki nikaujaza sufi. Nimeupa macho madogo, karibu karibu, kama ya mtu anayeficha jambo. Angélique akasema: "Mama Odile, iko sawa anaishi!" Hilaire akasema macho yako chini sana.

Jumatatu, 10 Novemba

Jana Hilaire alikwenda Bengamisa. Hakutaja tena mianzi wala raffia, alisema tu "kwa ile kazi." Sikuuliza.

Leo asubuhi Fatouma amekuja kuazima chumvi. Fatouma ana chumvi.

"Odile, jana dimanche bwana yako alikuwa wapi?"

"Bengamisa. Kazi ya masomo."

"Wallahi, ile mademoiselle nilimuona asubuhi na macho yangu. Anafunga mulango, na sac kubwa, anakimbia sawa mutu anachelewa camion." Akavuta kiti. "Mie sisemi kitu. Lakini moshi hauna mama bila moto."

Methali yenyewe aliiharibu lakini nilimwelewa.

Baada ya hapo sikuweza kushona. Nilikaa mbele ya cherehani nikawaona, wazi kabisa: wawili juu ya camion, wamekalia magunia ya muhogo, yeye anacheka na mdomo wake ule mpana, Hilaire anapinda mikono hewani anajenga vyumba. Niliona mpaka nyumba waliyofikia. Niliona kitanda. Kuku yule wa Oktoba nikajua nani alimchagua. Akufukuzaye hakwambii toka. Anakuletea kuku na mkeka, nawe unabaki unashukuru huku ukuta unajengwa.

Mama yake Hilaire husema nyumba isiyo na mtoto ni stoo. Basi mimi ni chumba cha nyuma. Kimefungwa tayari na mimi nilikuwa bado nasubiri chakula kiive.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekwenda kazini kwao kama kawaida, nikacheka kama kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye mshonaji. Nimemuuliza Angélique kwa upole dimanche alikuwa wapi. Akasema kwenye port, kumtumia mama yake mizigo Isangi na baleinière, mashua ya mtoni. Hakupepesa jicho. Waongo wazuri hawapepesi.

Jumatano, 19 Novemba

Naulizia uzi mwekundu mji mzima. Duka la Mgiriki limepewa mwenyewe mpya na serikali, na mwenyewe mpya ameuza vilivyokuwepo, sasa anauza rafu tupu. Nimeufumua mshono wa kitambaa changu cha harusi nipate uzi.

Ijumaa, 21 Novemba

Leo mchana wanafunzi na walimu wote walikwenda stade kujaribu gwaride. Mlinzi ananijua, akanifungulia darasa bila kuuliza kitu. Ganda lilikuwa limesimama limefunikwa shuka.

Nilikuwa na mkasi na mrija. Mrija nilikuwa nimeushona wiki nzima, wa satini nyekundu, mnene kama kidole gumba. Nilitoboa kila ukuta, tundu la duara, safi, kisha nikaupitisha kutoka kwenye mwili wa mnyama mpaka chumba kidogo kuliko vyote, kule nchani. Nikaupiga mshono kila ulipopita. Ningeweza kuufunga ovyo na kukimbia, lakini mkono wangu haujui kushona ovyo. Mrija umekaa kama ulizaliwa humo.

Ukimupatia huyu mrija, histoire yote inakufa. Ni yeye aliyeniambia. Watasimama mbele ya wakubwa wa chama, na wageni wa campus watakaokuja, na babu yao atakuwa si babu tena. Watakuwa wajinga wawili na konokono mkubwa.

Nimefunika shuka nikarudi nyumbani nikapika. Nilikuwa nimetulia sana.

Jumatatu, 24 Novemba

Asubuhi ilinyesha, tukadhani sherehe itaharibika, kisha jua likatoka kali na matope yakaanza kunuka. Baada ya gwaride wakubwa wakazunguka shule kwa shule. Kwetu walifika mchana: bwana mmoja mnene wa chama, abacost, koti lile la chama, imemkaba shingo, na nyuma yake walimu wa campus, na Préfet anatembea nusu mbele nusu nyuma ili kufungua njia.

Mimi nilisimama karibu na ukuta pamoja na mama wengine. Macho yangu yalikuwa kwenye shuka.

Hilaire akavuta shuka. Kikundi cha animation kikapiga makofi, "Babu! Babu!" Hilaire akafungua mdomo, akainua fimbo ya kuonyeshea, na hapo akauona mrija. Fimbo ikabaki hewani. Nilimwona jasho linamshuka sikioni. Mwalimu mmoja wa campus, mwenye miwani, akasogea, akainama, akasema kwa Kifaransa nilichokielewa: "Lakini huyu ana siphon."

Nilingoja furaha yangu. Haikufika, kwa sababu Angélique alikuwa ameugusa mrija, akapitisha kidole juu ya mshono, akageuza kichwa akanitazama mimi. Mimi moja kwa moja, kati ya watu wote wale. Kisha akacheka.

"Citoyens na citoyennes," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "huyu munayemuona iko mujukuu. Anaelea, iko na mrija. Sasa muangalie babu!"

Akaupokonya ule mrija wote kwa mvuto mmoja, nyuzi zikakatika. Satini ilitoka chumba baada ya chumba, ndefu, nyekundu, watu wakapiga kelele kama wanaona mchawi. Akaonyesha matundu, akayaziba moja moja kwa kiganja: huku ukuta, huku ukuta, na babu akaanguka chini ya bahari, Angélique akiachia mwili wa kaniki ushuke mpaka ardhini. Kisha akaurudisha mrija na mnyama akapanda tena. Yule mnene wa chama alicheka mpaka akafungua kifungo. Mwenye miwani alimshika Angélique mkono akamwambia hajawahi kuona maelezo mazuri namna hiyo. Préfet alilia, nadhani kwa ajili ya mababu.

Jumanne, 25 Novemba

Hata uovu wangu, aliyepigiwa makofi ni yeye.

Alhamisi, 27 Novemba

Hilaire hajui ni nani. Kwanza alidhani ni wanafunzi. Sasa anasema Angélique amemwambia kwamba ni yeye Angélique aliyeuweka, ili kumshangaza. Sielewi kwa nini msichana huyo amenificha.

Jumamosi, 29 Novemba

Amekuja leo, Hilaire hayupo, amekwenda kwenye mkutano wa walimu. Alikuwa na mrija wangu, ameuviringisha vizuri ndani ya karatasi. Akauweka juu ya cherehani.

"Mushono huu mie naujua," akasema. "Nimeuangalia mwezi muzima."

Nikaisogeza karatasi pembeni. Nilijua kwamba nilipaswa kuomba msamaha, na badala yake nikasema, "Ulikwenda naye Bengamisa."

"Mie?"

"Usinidanganye. Kuku, mkeka, dimanche zote. Fatouma alikuona."

Angélique akakaa bila kukaribishwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana cheko.

"Yaya Odile," akasema, na neno hilo, yaya, dada mkubwa, halikunipita, "mie Bengamisa sijafika hata mara moja. Mianzi tulikata hapa nyuma ya barrage, na banafunzi. Raffia iko ya mama yangu, ilitoka Isangi na baleinière. Monsieur Hilaire aliniambia, mama Odile akikuuliza, useme tulikuwa sisi wote Bengamisa. Nilimujibu hapana, mie sisemi uongo kwa mutu ananilishaka. Lakini sikuja kukuambia. Hiyo iko faute yangu."

"Basi anakwenda kwa nani?"

"Sijue, yaya. Kweli sijue."

Alipoondoka nilimpa kitambaa cha wax nilichokuwa namshonea mteja. Sijui nitamwambia nini mteja.

Jumatatu, 1 Desemba

Wivu wangu ulizoea njia ya kwa Angélique, kama mbuzi aliyezoea shamba la mtu. Sasa nimeufungua na hauna pa kwenda. Unazunguka ndani ya nyumba unakula vitu vyangu.

Jumapili, 7 Desemba

Bengamisa. Mimi mwenyewe nimempigia pasi abacost yake.

Jumapili, 14 Desemba

Mvua zinapungua. Hakwenda, ana homa. Nimemkanda kwa maji moto. Alikuwa anatetemeka, na nilimwonea huruma, na nilitaka kumuuliza, na sikumuuliza.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimejaribu mara ya mwisho. Nikamuuliza, Hilaire, hivi yule mnyama wako, alipofunga chumba cha nyuma, alikuwa anakumbuka kilichomo? Akanitazama kama nimesema kwa lugha ya kigeni.

"Odile, hiyo exposition iliisha. Na iko compliqué."

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli, lakini serikali imeifuta, ni siku ya kazi kama nyingine. Hilaire alikwenda shuleni. Mimi nilivaa nguo yangu nzuri kuliko zote, nikaweka daftari na sindano kwenye kapu, nikapanda camion ya wachuuzi wanaokwenda Banalia. Niliwaambia wanishushe Bengamisa.

Sokoni nilimuuliza mama mmoja anayeuza ndizi, nyumba ya mwalimu Hilaire wa Kisangani iko wapi. Hakuinua hata macho.

"Ya mwalimu? Pale, penye kuku mingi."

Nilikuwa nimemtayarisha akilini njia nzima: msichana, mwembamba, anacheka. Nilimkuta mwanamke wa umri wangu, pengine anazidi, miguu imepasuka, anatwanga muhogo. Pembeni mtoto wa kiume anafukuza kuku, na masikio yake ni ya Hilaire, yamesimama vile vile. Paa la nyumba lilikuwa jipya, limefungwa vizuri. Nikalikumbuka langu linalovuja.

Alinijua. Akaweka mchi chini, akafuta kiti kwa kanga yake.

"Iko weye, mama Odile. Nilijua siku moja utafika. Mie naitwa Berthe. Kaa."

Matusi yote niliyoyapanga juu ya camion yalitawanyika. Nilikaa. Tuliangalia mtoto. Na kitu kilichotoka mdomoni mwangu, Mungu ananiona, kilikuwa hiki:

"Alikuambia habari ya ile mbembe?"

"Mbembe gani?"

"Ile ya zamani sana. Ya barafu. Yenye vyumba."

Akanitazama kama anamtazama mtu mwenye homa. "Hapana. Mbembe hapana."

Nilifurahi. Naandika bila aibu, nilifurahi mpaka mikono ikaniwasha. Paa amempa, mtoto amempa, kuku anaowagawa ni wa huku, lakini yale macho yanayowaka hakuyaleta Bengamisa. Hilo lilikuwa la Tshopo. Nikataka kulisikia tena.

"Hakuambii kazi yake? Hata ukimuuliza?"

Berthe akaokota mchi, akautazama, akauweka tena chini. "Namuulizaka. Anasema iko compliqué."

Furaha ikaniishia pale pale. Mimi sikuambiwa na Hilaire. Hata siku moja. Yote ninayoyajua juu ya mnyama yule niliyapata kwa Angélique, sakafuni, kwenye gundi ya muhogo. Nilikuwa nimetoka mbali kuja kumkoga mwenzangu kwa kitu ambacho na mimi nilinyimwa.

Basi nikaokota kijiti, nikainama na nguo yangu nzuri, nikamchorea chini kwenye udongo. Ganda refu lililopinda. Nikamwambia yote: namna anavyokua, namna anavyosogea mbele, namna anavyojenga ukuta nyuma yake na kutorudi. Berthe alichuchumaa kando yangu. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyosikiliza mimi siku ile. Mtoto naye akaja akachuchumaa.

Nilipomaliza Berthe akausogelea mchoro. Kisha akaweka kidole kwenye chumba cha nyuma.

"Hapa iko weye."

Akasogeza kidole, akavuka ukuta. "Hapa iko mie."

Kidole kikaendelea mpaka kile chumba kikubwa cha mbele, kisicho na ukuta, kikakaa hapo.

"Na hapa? Iko nani?"

Tuliinua macho tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba wivu haukuwa wangu peke yangu.

Barabarani camion ya kurudi Kisangani ilipiga honi, ikapiga tena, ikaondoka. Sikuinuka.